Toa Kokoto Kwenye Ndoo ya Stroberi

Jumamosi iliyopita dada mmoja wa Njiro, hapa Arusha, aliniletea kitaluni ndoo ya stroberi kwenye buti ya gari, miche minne imelala kama mchicha uliomwagiwa maji ya moto. Akaniambia, "Mtaalamu, namwagilia asubuhi na jioni, na kokoto nimeweka chini, za kutosha kabisa." Ni ndoo ya nne mwezi huu, na zote nne zilikuwa na kokoto.

Tukaipindua juu ya gunia. Udongo wa juu ulikuwa wa kawaida tu. Chini, pale unapokutana na kokoto, kulikuwa na tope jeusi lenye harufu ya mtaro. Nikashika mzizi mmoja kwa vidole viwili nikauvuta taratibu: ganda lake likavuka lote kama soksi, ukabaki uzi mwembamba wa katikati. Huo ni mzizi uliooza. Mzizi mchanga wenye afya ni mweupe na ganda lake haliachii. Lakini nilichotaka dada aone ni kokoto zenyewe: chini ya tope lote lile, zilikuwa karibu kavu.

Watu wanaamini kokoto zinavuta maji yashuke. Hazivuti. Udongo una vitundu vidogo sana vinavyoyang'ang'ania maji. Kokoto zina mianya mikubwa isiyoweza kuyashika. Maji yakifika mpakani yanasimama, na hayaachii tone mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa. Kwa hiyo ukiweka kokoto, lile tabaka la tope ambalo lingekaa kwenye kitako cha ndoo umelipandisha juu, karibu na mizizi.

Asiyeniamini achukue sifongo mpya ya kuoshea vyombo, ile ya mstatili. Ichovye mpaka ishibe, kisha iinue ikiwa imelala bapa kiganjani, bila kuikamua. Itachuruzika halafu itaacha. Ikishaacha, isimamishe wima kwa urefu wake. Itachuruzika tena! Hujatoboa tundu, hujaongeza jiwe. Umeongeza kimo tu. Ndivyo ndoo inavyofanya kazi. Tabaka la maji linalobaki chini lina kimo kile kile, chombo kiwe kirefu au kifupi, alimradi udongo ni ule ule. Ndoo ya lita 10 ina kimo cha kama sentimita 25. Weka kokoto za sentimita 8, umebaki na udongo wa sentimita 17. Tope likichukua sentimita 5, stroberi yako inaishi kwenye sentimita 12, wakati mizizi yake inataka 15 hadi 20. Halafu tunasema stroberi ni zao gumu.

Najua imani hii ilikotoka, na chanzo chake ni kizuri. Wengi wetu tulijifunza bustani ya gunia: unaweka kopo lisilo na kitako katikati, unalijaza kokoto, unashindilia udongo pembeni, unalivuta juu, unajaza tena, mpaka juu. Pale kokoto zimesimama kama nguzo, na kazi yao ni kupeleka maji yafike kwenye mboga za chini. Nguzo ile inasambaza maji. Mtu akaichukua, akailaza kwenye kitako cha ndoo, akadhani inafanya kazi nyingine. Kwenye gunia endelea nayo, sina ugomvi nayo.

Kwenye ndoo toboa matundu ya kutosha kwenye kitako, saba au nane ya upana wa kidole kidogo, funika kwa kipande cha chandarua kikuukuu ili udongo usitoke, na inua ndoo juu ya matofali mawili. Kigae kimoja juu ya tundu kubwa hakina neno. Nafasi iliyobaki yote ni ya udongo.

Na udongo huo usiwe wa shambani mtupu, kwa sababu ndani ya ndoo unashikana kama tofali. Mimi nachanganya debe mbili za udongo wa juu, moja ya samadi iliyooza kweli, moja ya pumba za mpunga. Samadi ya kuku mbichi inaunguza kwa chumvi yake, na stroberi haivumilii chumvi. Kuhusu pumba, nimetumia zilizochomwa na zisizochomwa, na kuna misimu zisizochomwa zimenipa miche ya njano na misimu zimenipa miche mizuri. Siku hizi nachoma.

Mengine kwa haraka. Usipande mbegu za tunda ulilonunua sokoni. Mche utakaoota hautafanana na mama yake. Panda miche inayotokana na zile kamba zinazotambaa. Mche mmoja kwa lita 5, mitatu kwa lita 20. Jua liipige kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku. Ule moyo, pale majani yanapochipukia, ukae usawa wa udongo. Ukiuzika unaoza, ukiuacha juu sana mizizi inakauka. Mwagilia pale tu kidole kikizama hadi kiungo cha pili kikute pakavu. Pakiwa na unyevu acha, hata kama jana hukumwagilia. Maua ya kwanza vitabu vinasema yaondolewe. Nimeyaondoa, nimeyaacha, na kwa baridi yetu ya Arusha sijaona tofauti ya kumfanya mtu amkatishe mtoto hamu ya tunda lake la kwanza.

Ndugu zangu wa Dar na Tanga mjini, kwenu tatizo ni joto. Aina kama Chandler hutunga maua siku zikiwa fupi au hewa ikiwa ya baridi. Mchana wa kama saa 12, ambao ni mfupi wa kutosha, tunao sote mwaka mzima, lakini joto la pwani linazuia maua: mtapata majani mazuri na kamba nyingi. Pandeni forosadi kwenye pipa lililokatwa nusu. Inavumilia joto, na ukiipogoa huzaa kwenye machipukizi mapya. Hilo pipa nalo lisiwekwe kokoto.

Aliyekwisha kuweka kokoto asisubiri miche inyauke. Pindua ndoo jioni jua likishapoa, kata mizizi iliyooza, toa kokoto zote, jaza udongo, rudisha mche, weka kivulini siku nne. Katika miche minne ya dada yule, miwili ilikuwa bado na mizizi myeupe karibu na moyo. Tuliipanda palepale kwenye ndoo yake ileile. Leo asubuhi amenitumia picha: mmoja unafungua jani jipya, bado limekunjwa kama feni.