PyGObject si GTK
Kila nikikaa na vijana wanaojifunza Python hapa Moshi, nasikia lile lile: "PyGObject ni ya kuchora madirisha na vitufe. Kwenye seva isiyo na skrini haina kazi." Si kweli: PyGObject ni daraja kati ya Python na maktaba za C zilizojengwa juu ya GObject, na GTK, maktaba ya kuchora madirisha, ni moja tu kati ya hizo. Dhana hii imewanyima wengi zana nzuri.

Chanzo cha mkanganyiko kinaeleweka. GObject, mfumo wa vitu kwa lugha ya C, ulizaliwa ndani ya GTK. Ilipotoka GTK 2.0 mwaka 2002, mfumo huo ulikuwa umehamia GLib, maktaba isiyojua skrini wala kipanya. Baadaye Python nayo ikafuata: msingi ukatolewa kwenye PyGTK, daraja la zamani la Python kwenda GTK, ukawa PyGObject.

Hivyo ukiandika `from gi.repository import GLib`, hakuna dirisha linalohitajika. Unapata mzunguko wa matukio unaosubiri faili au muda. Ukiongeza GObject, unapata ishara na sifa za vitu. GStreamer, inayochakata sauti na video, husimama juu ya msingi huo huo. Programu ya kurekodi kwaya pale Kiborloni inaweza kuendeshwa kwa amri tupu, bila GTK kabisa.

Kwenye Debian, mfumo mmojawapo wa Linux, utengano huu unaonekana wazi: `python3-gi` (PyGObject) ni kifurushi kimoja, `gir1.2-gtk-4.0` (cha GTK) ni kingine.