Mwarobaini umeua bakteria. Haya, kisha?

Juzi alikuja maabara mama mmoja auzaye dawa za miti kule Mwembe Tayari, mkononi chupa ya soda ya nusu lita iliyojaa maji ya rangi ya chai iliyokolea. Kifuniko kakifunga kwa nailoni yasivuje.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipimie hii unipe karatasi."

Ilikuwa mwarobaini, kauchemsha mwenyewe, na karatasi aliyoitaka ni ya kubandika kibandani. Nikamwambia kupima nitapima, lakini karatasi ya namna hiyo sina. Hakufurahi. "Watu wapona," akasema, "wewe wataka nini zaidi?"

Ninachotaka zaidi ni kirefu kidogo kuelezea mlangoni, kwa hiyo nakiandika hapa.

Kwanza nataka kuujua mti. Mwarobaini, Azadirachta indica, una nduguye aitwaye Melia azedarach. Ukiwa na haraka utadhani ni mti mmoja, ila jani la mwarobaini limegawanyika mara moja na la nduguye mara mbili, na matunda ya huyo ndugu ni sumu. Unga usiojulikana umetoka mti gani mimi siupimi.

Halafu kukausha, na hapo ndipo Mombasa hunishinda. Maelekezo husema anika kivulini wiki moja. Aliyeyaandika hajakaa hapa mwezi wa Mei. Majani hulala juu ya magazeti siku kumi na bado yanapinda badala ya kuvunjika, na ukigeuza upande wa chini ukungu mweupe ushaanza. Ukungu nao una kemikali zake, tena penisilini ilitoka kwenye ukungu, sasa bakteria wakifa utasema ni kazi ya nani? Siku hizi nakausha kwenye oveni kwa nyuzi 40, na stima ikipotea nalaani kimoyomoyo.

Majani yakishasagwa huloweshwa ili kilichomo kitoke. Kinachobaki baada ya kuchuja na kukausha ndilo dondoo. Maji hutoa vitu vyake, spiriti vyake, na moto waweza kuharibu kile kile unachokitafuta. Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyetafuta dawa ya malaria, alihangaika na mmea wa Artemisia annua, majibu leo mazuri kesho mabaya, mpaka aliposoma maandishi ya tabibu Ge Hong ya karne ya 4 yaliyosema mmea uloweshwe na kukamuliwa, kuchemsha hakukutajwa. Akatumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi 35 tu, na mwaka 1971 dondoo namba 191 likawasafisha panya malaria. Artemisinini, dawa ya malaria, ilitoka humo, na tuzo ya Nobel ya 2015 pia.

Kipimo chenyewe hakina maajabu. Sahani ya petri humwagiwa agari, ute utokanao na mwani, ukaganda. Juu yake unapaka bakteria, mathalani Staphylococcus aureus wa majipu, kisha unapanga vidiski vya karatasi vya milimita 6 vilivyonyweshwa dondoo. Usiku kucha kwenye inkubeta, kabati la joto, nyuzi 37. Asubuhi sahani nzima imefunikwa na utando, ila kuzunguka kidiski chenye dawa pamebaki duara safi. Unachukua rula.

Mara yangu ya kwanza kupata duara la milimita 18 nilimpigia mamangu simu. Mwalimu wangu akaja, hata hakuliangalia. Alitazama kidiski cha pembeni kilichokuwa na spiriti tupu, bila jani lolote: milimita 15. Nilikuwa sijaacha spiriti ikauke. "Umegundua kuwa spiriti yaua vijidudu," akaniambia, akaenda zake kunywa chai. Tangu hapo kidiski kitupu ndicho ninachokitazama kwanza.

Na usipoona duara usiutupe mti. Vitu vya mafuta havisafiri vizuri ndani ya agari. Dawa yaweza kuwepo imekwama pale pale kwenye karatasi.

Tuseme sasa duara ni la kweli. Majani ya mti ule ule wa huyo mama niliyaloweka kwa spiriti, na dondoo lake kwa miligramu 50 kwa kila mililita likanipa milimita 11. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Ili damu yake yote ifikie nguvu hiyo yahitajika gramu 250 za dondoo kavu, robo kilo, zote ziwemo mishipani kwa wakati mmoja. Na hapo sijahesabu kinachoishia tumboni wala kinachovunjwa na ini. Kidiski cha kulinganishia cha jentamisini, dawa ya hospitali ya kuua bakteria, kilibeba mikrogramu 10 tu, na duara lake lilikuwa mara mbili ya langu. Kwenye ngozi ni mambo mengine: sabuni au mafuta ya kupaka yaweza kubeba nguvu hiyo pasipo kupita kwenye damu. Ndiyo maana nikisikia mwarobaini wa upele nasikiliza, nikisikia wa homa ya matumbo nauliza maswali.

Sumu nayo ina kipimo chake cha mwanzo. Mayai ya Artemia, viduduvi wa jamaa ya kamba, huanguliwa kwenye maji ya chumvi kwa siku mbili (maji ya bahari sisi hatununui), kisha kumi kumi hutiwa kwenye vichupa vya dondoo, na baada ya saa 24 unahesabu maiti. Anayeniambia cha asili hakina madhara humkumbusha watoto wachanga waliofikishwa hospitali wakitapika na kupata degedege baada ya kunyweshwa mafuta ya mwarobaini.

Ile chupa ya soda? Kidiski chake hakikutoa duara. Lakini nilikuwa nimedondosha tone moja pia kwenye agari safi isiyopakwa kitu, na asubuhi pakawa pameota madoa, meupe na ya manjano, mengine yameungana kama ramani. Kuchemsha kuliwaua wengi wa waliokuwemo; hawa yaelekea waliingia baadaye, chupa ikiwa imesuuzwa kwa maji ya bomba kisha ikakaa kibandani siku nne kwenye joto letu.

Aliporudi nilimwonyesha sahani. Akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza.

"Yote haya yatoka kwangu?"

"Ndiyo, Mama. Chemsha ya siku hiyo hiyo, na inayobaki jioni mwaga."

Akanyamaza kidogo, akairudisha mezani taratibu.

"Na ya yule wa kibanda cha pili, ushaipima?"