Dawa za presha hufanyaje kazi mwilini?

Mama mmoja wa Tandika alinipa kadi yake ya kliniki. Mwezi wa kwanza presha ilisoma 178/104, mwezi wa tatu 128/80. Kisha akafungua mkoba, mkawa na pakiti ya vidonge vya presha, amlodipini, ambayo haijaguswa. "Mwanangu, nilishapona, nikaviweka." Siku hiyo mashine ilisoma 182/106. Maswali haya ni yake na ya wenzake waliokuwa benchini.

Kipimo kikiwa kizuri, si ndiyo nimepona?

Hapana, mama. Kipimo kimeshuka kwa sababu dawa inakishikilia. Mishipa yako ina tabia ya kujikaza, na dawa inailegeza kila siku. Kinachowaponza wengi ni kwamba amlodipini haitoki mwilini haraka: nusu yake huchukua kama saa 30 hadi 50 kuondoka. Ukiacha leo, kesho na keshokutwa hujisikii tofauti, unaamini hukuwa ukiihitaji. Presha inarudi kimyakimya, wala kichwa hakikuumi. Dawa nyingine za presha, atenolol na bisoprolol, ni za kuogopa zaidi kuziacha ghafla, maana moyo uliozoea kutulizwa unaweza kwenda mbio, na mwenye ugonjwa wa moyo akapata shambulio.

Mbona mimi nimepewa aina mbili na jirani yangu moja?

Presha hupandishwa na mambo zaidi ya moja. Fikiria pampu inayopandisha maji kwenye simtank: mpira ukibanwa, au maji yakizidi, au pampu ikiendeshwa kwa kasi, msukumo unapanda.

Amlodipini inashughulika na mpira. Misuli ya kuta za mishipa hujikaza kalsiamu inapoingia ndani yake. Dawa inaziba mlango huo, mshipa unatanuka. Haidroklorothiazaidi, dawa ya kukojoza, inafanya figo zitoe chumvi kwenye mkojo, na maji huifuata chumvi. Atenolol inazuia adrenalini isiuharakishe moyo.

Losartani na kaptopili zina habari ndefu kidogo. Figo zikihisi damu imepungua, huanzisha mlolongo unaoishia kwenye homoni iitwayo anjiotensini, inayobana mishipa na kuuambia mwili ubakize chumvi. Kaptopili inazuia homoni hiyo isitengenezwe. Losartani inaiacha itengenezwe, ila inakaa kwenye kiti chake, homoni ikifika haina pa kukaa. Kaptopili ilitokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazili, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1981.

Kwa hiyo dozi ndogo za dawa mbili zinazopita njia tofauti mara nyingi hushusha presha zaidi kuliko kuongeza dozi ya dawa moja.

Nakohoa tangu nianze dawa. Ni mafua?

Kama ni kikohozi kikavu na unatumia kaptopili au ndugu yake enalapril, huenda ni dawa. Inaachia kemikali iitwayo bradikinini irundikane, nayo inawasha njia ya hewa. Wapo wanaokunywa tangawizi na asali miezi mizima. Rudi kliniki ubadilishiwe. Losartani kwa kawaida haileti kikohozi hicho. Midomo au ulimi ukivimba, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Miguu kuvimba kwenye vifundo mara nyingi ni amlodipini. Iseme, dozi inaweza kurekebishwa.

Nimeze saa ngapi?

Saa ileile kila siku. Ya kukojoza imeze asubuhi, usije ukaamka usiku kucha. Kama unatoka Mbagala kwenda Posta na foleni unaijua, mweleze daktari mpange muda.

Naruhusiwa diklofenaki ya mgongo? Na madafu?

Diklofenaki inabakiza chumvi na maji, inapandisha presha, na ikichanganywa na losartani pamoja na ya kukojoza inaweza kuumiza figo. Dukani taja kwanza kwamba una presha. Madafu yana potasiamu nyingi. Mwenye figo nzima hana shida na dafu moja. Mwenye figo dhaifu anayetumia losartani au spironolaktoni, dawa zinazobakiza potasiamu mwilini, aulize kwanza, kwani potasiamu ikizidi mapigo ya moyo huvurugika.

Binti yangu anatumia losartani na sasa ni mjamzito.

Aende kliniki leo. Losartani, kaptopili na enalapril zinaweza kudhuru figo za mtoto tumboni. Atabadilishiwa, mara nyingi methildopa au nifedipini.

Nikisahau?

Meza ukikumbuka. Ukiwa umekaribia muda wa dozi inayofuata, ruka. Usimeze mbili kufidia. Yule mama sasa anaweka vidonge vyake kando ya chupa ya chai.