Pampu ikilala, iulize chipu yenyewe

Bodi nyingi ninazoletewa hapa Lamu ni vidhibiti vya pampu za sola, zile zinazovuta maji ya kisima hadi tangi la juu. Kifaa kikigoma, fundi huzima na kuwasha, au hubadilisha vipuri kimoja kimoja. Kuzima ndiko kunakoniudhi: ukizima, kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya muda kimepotea, na hicho ndicho kingekwambia tatizo liko wapi. Mimi naanza na SWD.

SWD ni njia ya kampuni ya ARM ya kuzungumza na chipu kwa waya mbili, SWDIO ya data na SWCLK ya mapigo ya saa, pamoja na graundi. Iliyoitangulia ni JTAG, yenye waya nne za lazima, iliyopitishwa na IEEE, taasisi ya wahandisi wa umeme, kuwa kiwango cha 1149.1 mwaka 1990. Shabaha yake ya awali ilikuwa kupima kama pini zimelehemiwa sawasawa kwenye bodi zilizobanana kiasi kwamba ncha ya mita haifiki. Kwa chipu ndogo kama STM32F103, ndiyo ya kisa kinachofuata, SWD yanitosha: pini PA13 na PA14.

Nguvu yake ni kwamba sakiti ya udebagi, yaani ya kuchunguza hitilafu, imo ndani ya chipu lakini haitegemei programu yako. Programu ikwame, au flashi, kumbukumbu inayohifadhi programu, iwe tupu kabisa, bado utajibiwa.

Msimu wa kusi, mzee mmoja wa Shela alinipigia. "Fundi, nikizima nikiwasha yafanya kazi, kesho yalala tena." Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Ikilala usiiguse, nakuja."

Niliikuta taa inawaka, pampu kimya. Nikaunganisha graundi kwanza, kisha zile waya mbili. Waya wa umeme wa debaga, kifaa kinachounganisha kompyuta na chipu, sikuuunganisha, maana bodi ina umeme wake. Nikafungua OpenOCD, programu ya kompyuta inayoongea na debaga, bila kuiriseti chipu, nikaandika `halt`, yaani simama. Nikaiachia iendelee, nikaisimamisha tena: kila mara kihesabu cha programu, kinachoonyesha chipu imefika amri ipi, kilikuwa kwenye anwani zile zile chache. Msimbo wa mtengenezaji tulikuwa nao, kwa hiyo GDB, programu ya kufuatilia msimbo, ikanionyesha mstari wenyewe: kitanzi kinachosubiri njia ya I2C, waya mbili (ya saa na ya data) ambazo chipu huongea nazo na kihisi, iwe huru, bila kikomo cha muda.

Hapo ndipo watu wengi huishia, wakailaumu programu. Nikauliza swali moja zaidi: `mdw 0x40010C08`, yaani nisomee hali halisi ya pini za mlango B, kundi lenye pini za I2C. PB6, ya saa, ilikuwa 1. PB7, ya data, ilikuwa 0. Basi kulikuwa na kitu nje ya chipu kinachoivuta data chini. Nikafungua kiunganishi cha kihisi cha shinikizo: chumvi imefanya ukungu mweupe, na shaba imeota kijani.

Kusafisha peke yake hakutoshi, kwa kuwa chumvi itarudi. Niliweka kikomo cha muda kwenye kile kitanzi, na kikifika, chipu inapiga mapigo tisa ya saa ili kihisi kimalize baiti kilichokwama nayo na kuiachia njia. Programu mpya nikaipakia kwa waya zile zile.

Tahadhari moja naisisitiza kwa kila kijana anayekuja kujifunza kwangu. `halt` husimamisha prosesa, lakini kwa kawaida taima za ndani ya chipu, zinazoiendesha pampu, zinaendelea. Pampu itazidi kuzunguka kwa kasi ya mwisho iliyopewa, na hakuna wa kuangalia kama kisima kimekauka. Chomoa waya za pampu kwanza. Saa ya ulinzi, taima ya kuianzisha chipu upya programu ikikwama, kama imewashwa nayo huendelea kuhesabu na itairiseti chipu mikononi mwako, usipoweka biti ya kuigandisha kwenye DBGMCU, rejista ya mipangilio ya udebagi.

Na debaga ikikataa kusoma flashi, usikimbilie amri ya kufungua. Huenda mtengenezaji ameweka kinga ya kusoma, na kwenye STM32F103 kuiondoa hufuta programu yote. Kama huna nakala yake, umebaki na bodi tupu.

Anayechora bodi kwa ajili ya pwani, namwomba aache vituo vinne wazi: SWDIO, SWCLK, graundi na riseti, vyenye majina, mbali na viunganishi vya maji. Kingine chote kipakwe vanishi.