Alama ya kilimo hai haizuii sumukuvu

Kazi yangu ni kukagua malighafi katika kiwanda kidogo cha vitafunwa vya watoto hapa Dar es Salaam. Mazao yetu ni ya kilimo hai, na mzazi akiiona alama ya Kilimohai kwenye pakiti huwa anapumua. Ana haki. Alama hiyo inafuata kiwango cha Afrika Mashariki cha mwaka 2007, na maana yake ni kwamba shambani hazikutumika mbolea wala viuatilifu vya viwandani. Ila kuhusu sumukuvu haikuahidi kitu.

Sumukuvu hutokana na ukungu uitwao Aspergillus flavus, unaopenda mahindi na karanga, hasa zao likipigwa na ukame au likiwekwa ghalani kabla halijakauka vizuri. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Haionekani kwa macho, na uji uchemke utakavyochemka, sumu inabaki. Ini la mtoto ndilo linalobeba mzigo, maana yeye hula chakula kilekile asubuhi na jioni.

Karanga zikifika kwetu zinapimwa unyevu, kisha zinachambuliwa kwa mkono: zilizosinyaa, zilizotobolewa, zilizobadilika rangi, zote nje. Sampuli ya maabara tunaichota kwenye magunia mengi, kwa kuwa gunia moja linaweza kuwa safi na la pembeni yake limeoza kwa sumu. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu hadi mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo. Kwa mtoto mchanga naona ni nyingi mno. Ulaya, chakula cha watoto wachanga hakiruhusiwi kuzidi mikrogramu 0.1 ya aina ya B1, iliyo kali kuliko zote.

Kwa hiyo vitafunwa vya walio chini ya miaka miwili tunavitengeneza kwa viazi lishe, bila mahindi wala karanga. Vina utamu wake, sukari ya nini? Asali nayo, hata ya nyuki wa porini Tabora, asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka: inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa unaopooza misuli.

Na wewe unayesagisha unga wa lishe mtaani, chambua karanga mwenyewe kabla ya kwenda mashineni. Ukinunua wa pakiti, muulize mtengenezaji majibu ya maabara ya toleo hilohilo uliloshika, si la mwaka jana.