Nani alimlea Idi Amin?

Nikifika kwenye mada ya madikteta, swali la kwanza darasani huwa lilelile: Amin alikuwa na ugonjwa gani? Wengine wanataja kaswende, wengine wazimu. Mimi nafundisha saikolojia hapa Kampala, na jibu langu huwaudhi: tuliache hilo. Wagonjwa wa akili ni wengi, na karibu wote hawajawahi kumdhuru mtu, sembuse kupindua serikali.

Nawaambia waangalie rekodi yake ya kazi. Aliingia King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, mwaka 1946, akapanda vyeo kwa kifua kipana, kwa ndondi na kwa kuwatii maafisa wa Kiingereza. Mwaka 1962, miezi michache kabla ya uhuru, kikosi chake kilitumwa kupambana na wezi wa mifugo huko Turkana, na raia wakakutwa wameuawa baada ya kuteswa. Wakubwa wa Kenya walitaka ashtakiwe. Gavana wa Uganda, Walter Coutts, akamwuliza waziri mkuu wake, Milton Obote, naye akashauri Amin akaripiwe tu. Waganda wenye vyeo vya ofisa jeshini walikuwa wawili. Kumfunga mmoja wao uhuru ukiwa mlangoni kungekuwa fedheha.

Hapo ndipo mimi huanza kuhesabu. Mwaka 1964 askari waliasi Jinja wakidai mishahara. Wakaongezwa, na mwaka huohuo Amin akawa naibu mkuu wa jeshi. Februari 1966 mbunge Daudi Ocheng alitaka asimamishwe kazi kwa kashfa ya dhahabu ya Kongo na fedha zilizoonekana kwenye akaunti yake ya benki. Obote akawakamata mawaziri wake mwenyewe, watano, na kumkabidhi Amin jeshi. Mei ya mwaka huo Amin akaishambulia Lubiri, ikulu ya mfalme wa Buganda, na mfalme mwenyewe, Kabaka Mutesa II, akakimbilia uhamishoni.

Kanuni hii huwa naifundisha wiki ya kwanza: tabia inayolipwa hurudiwa. Kila alipovuka mpaka, Amin alipata cheo. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na Obote alikuwa mlezi mwenye hesabu zake: alimwona mtu asiye na elimu, asiye na chama, ambaye angebaki kuwa rungu mkononi mwake. Hesabu hiyo, kwa maoni yangu, inaeleza mengi kuliko utoto wa Amin wote.

Januari 1971 Obote alisafiri kwenda Singapore kwa mkutano wa Jumuiya ya Madola, huku akimtaka Amin atoe maelezo kuhusu fedha za jeshi. Mtu aliyezoea kusamehewa akajikuta amebanwa. Tarehe 25 redio ikasoma sababu 18 za mapinduzi, na watu wa Kampala wakacheza barabarani. Siwacheki. Buganda ilikuwa chini ya hali ya hatari tangu 1966. Amin aliwafungua wafungwa wa kisiasa, akarudisha mwili wa Kabaka kutoka London. Mtu aliyeondolewa hofu moja hana haraka ya kukagua ijayo.

Benedicto Kiwanuka alikuwa miongoni mwa waliofunguliwa. Amin akamfanya Jaji Mkuu, na Septemba 1972 askari wakamtoa Mahakama Kuu. Hakurudi. (Askari walizungumza Kiswahili, ndiyo maana wapo wazee Kampala ambao mpaka leo wakiisikia lugha yetu usiku hushtuka kabla ya kufikiri.) Kule Nakasero, State Research Bureau, idara ya ujasusi ya Amin, iliishi kwa majina: mpelelezi asiye na msaliti wa kuripoti hana kazi, kwa hiyo wasaliti hawakuisha. Dikteta anayeogopa hulipa watu wamletee sababu za kuogopa zaidi, na wakati huohuo anawanyamazisha wale ambao wangemwambia ukweli. Mawaziri wenye akili walikimbia. Mwaka 1976 akawa rais wa maisha. Oktoba 1978 majeshi yake yakaingia Kagera, vita ambayo hakuwa na uwezo wa kuishinda. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979.

Obote alirudi madarakani baada ya uchaguzi wa Desemba 1980. Julai 1985 akapinduliwa tena, na safari hii pia na makamanda wake mwenyewe.