Rubani akirudia maneno ya mnara, si kwamba hakusikia

Kwenye kijiwe kimoja cha kahawa hapa Tabora kuna mzee anayeamini kwamba rubani akirudia maneno ya mwongoza ndege, basi redio ni mbovu au Kiingereza kinampiga chenga. Hapana, mzee wangu. Kurudia ni sharti. Akiambiwa apande hadi futi 9,000, lazima aitaje namba hiyo, na mwongoza ndege asikilize kama ndiyo aliyoitoa. Ndege mbili zinaweza kupishana, moja juu na nyingine chini, kwa futi 1,000 tu, yaani kama mita 300. Tarakimu moja ikisikika vibaya, nafasi hiyo imeliwa.

Na "sawa" peke yake haitoshi. Kisiwani Tenerife, Hispania, tarehe 27 Machi 1977, ukungu umetanda, rubani msaidizi wa ndege ya KLM, shirika la Uholanzi, alitamka maneno yaliyoashiria kwamba wanaruka. Mnara wa waongoza ndege ukajibu "OK", kisha ukawaambia wasubiri. Lakini sauti hiyo ya kusubiri iligongana redioni na ya ndege ya Pan Am, shirika la Marekani, ikasikika kama mluzi. KLM ikaanza kuruka, ikaigonga Pan Am iliyokuwa bado kwenye njia hiyo hiyo ya kurukia, na watu 583 walikufa. Siku hizi neno "kuruka" hutamkwa redioni pale tu ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa. Kabla ya hapo husemwa "kuondoka".